Mbuzi wa Arobaini

Salamu za kwetu Balambala zina ngazi. Unaulizwa amani kwanza, kisha familia, kisha mvua, kisha mifugo. Kwenye ngazi ya mvua watu wanaweza kukaa dakika tano nzima, kwa sababu mvua ni habari ya kila mtu. Lakini tangu ukame ule mrefu nimeona watu wakiiruka ngazi ya nne. Wanamtazama mzee, wanauliza mvua, wanakohoa kidogo, halafu wanauliza afya. Ni adabu hiyo. Nadhani ni hukumu pia, hata kama hakuna aliyekusudia kumhukumu mtu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuvuka daraja la Garissa: Balambala ni mji mdogo kwenye ukingo wa Tana, juu ya Garissa mjini ukiufuata mto kurudi unakotoka. Jina hilohilo ni la eneo bunge zima, lenye Saka, Sankuri, Danyere na Jarajara ndani yake. Kandokando ya mto kuna mashamba ya ndizi, embe na tikiti. Ukitembea kuupa mto mgongo, muda si muda umefika kwenye vumbi na migunga, na huko ndiko wazee wetu walikokuwa wanahesabu mali yao.

Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa, mmoja baada ya mwingine. Septemba 2021 serikali ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2 katika kipindi hicho, na wengi walikufa kaskazini, kwetu na kwa majirani zetu. Halafu mwisho wa 2023 mvua ikaja yote kwa pamoja, Tana ikafurika, mashamba yakazama, na barabara ya Nairobi ikakatika pale Madogo. Kwa hiyo aliyekuwa amekimbia mbuzi akaingia shamba, alipigwa mara mbili.

Abti wangu, yaani kaka wa mama, alikuwa na mbuzi na kondoo zaidi ya mia moja, na ngamia sita. Sasa ana mbuzi kumi na mmoja. Ngamia hana. Naandika hesabu hii kwa ruhusa yake, na aliponipa ruhusa alisema, "Andika, abti, hata wao wanajua." (Kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja. Ananiita abti nami namwita abti.)

Kuna hesabu nyingine ambayo nimeitafakari zaidi ya hiyo. Katika fiqhi, mbuzi na kondoo wanatolewa zaka wakifika arobaini: kuanzia 40 hadi 120 unatoa mmoja. Ngamia wanaanzia watano, na kwa watano hadi tisa unatoa mbuzi au kondoo mmoja. Basi kila mwaka abti alikuwa anatoa wanyama wawili. Akiwachagua mwenyewe, akiwafunga kamba mwenyewe, akiwapeleka kwa watu ambao hakutaka wamshukuru mbele za wengine. Nikiwa mdogo nilitumwa kuswaga mmoja wao. Mtu mwenye mbuzi 39 hadaiwi chochote. Akizaliwa wa arobaini, na mwaka ukatimia, huyo mtu ameingia kwenye kundi la wanaotoa. Sote tulifundishwa duksi kuhusu mkono wa juu na mkono wa chini, na hakuna mtoto aliyeondoka pale akitamani kuwa wa chini.

Kushuka chini ya arobaini hakukufanyi maskini papo hapo. Ni lini hasa mtu anavuka kutoka wanaotoa kwenda wanaopokea, hilo haliamuliwi na idadi, linaamuliwa na hali yake, na kwa vitendo linaamuliwa na macho ya majirani. Siku moja mwaka juzi mtu alileta mfuko wa unga nyumbani kwa abti, Ramadhani, usiku, kimya kimya. Aliuacha mlangoni. Abti alijua ni nani. Kesho yake walisalimiana msikitini, na ngazi ya nne ikarukwa.

Mimi pia nimo kwenye hesabu hii, nisijifanye mtazamaji. Baadhi ya mbuzi wale walikuwa wanapandishwa lori kwenda soko la Garissa mara mbili kwa mwaka, wanarudi wakiwa karo. Mbuzi walipoisha, karo iliisha. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kozi ya biashara, ingawa nilikuwa naingia sana darasa la falsafa ambalo halikuwa langu. Sasa naandika makala za kulipwa nikilipwa, nakaa Nairobi miezi kadhaa, nyumbani miezi kadhaa. Ukiniuliza "unafanya nini siku hizi?" nitakuambia naandika, na nitaona uso wako ukisubiri sentensi ya pili.

Hilo swali la "unafanya nini" ndilo ninalotaka tulifikirie. Mtu ambaye kazi yake imeondoka, na haitarudi, anawadai wenzake nini? Na wao wanamdai nini? Sisemi kazi kwa maana ya ajira tu. Abti hajawahi kuajiriwa hata siku moja.

Jibu la kwanza ambalo dunia hii inatoa ni la polisi. Sheria tulizoachiwa na Waingereza zilikuja na kosa la uzururaji na utovu wa nidhamu, kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu. Tanzania mwaka 1983 walikuwa na Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wakakusanywa mitaani Dar es Salaam ili wapelekwe mashambani. Jibu la pili ni la kampeni: 2022 tulipiga kura tukiambiwa sote ni mahasla, kama kwamba jina jipya la kuhangaika ni nusu ya chakula. Yote mawili yana wazo moja chini yake, kwamba mtu asiyezalisha ni tatizo la kutatuliwa, iwe kwa rungu au kwa mkopo.

Nairobi wananiuliza kuhusu wanaume wa huko kwetu wanaokaa chini ya mti. Wameona picha. Wazee na vijana, kashida mabegani, thermosi ya chai, miraa kwa wengine, mchana kutwa. Swali lao linakuwa limeshajibiwa: kwani hao hawana la kufanya? Ndiyo, wengi wao hawana. Lakini mti huo haukuwa mahali pa uvivu tangu mwanzo. Neno letu la mti, *geed*, ndilo linalotumika kwa baraza la wazee linalokaa chini yake. Hapo ndipo ilipoamuliwa nani anyweshee kisima kipi na siku gani. Hapo ndipo ilipozungumzwa diya, ngamia mia moja kwa mwanaume aliyeuawa na hamsini kwa mwanamke, hesabu ambayo ina mjadala wake na siuanzishi leo. Kiswahili nacho kinaijua safari hiyo ya neno. Baraza lilikuwa benchi la mawe nje ya nyumba za pwani, mahali pa kuketi, mpaka likawa neno la mkutano wa chifu, halafu la mawaziri.

Mti bado upo na maneno bado yapo. Kilichopungua ni mambo ya kuamua. Tangu 2013 kuna serikali ya kaunti. Kisima kina kamati, kamati ina mhasibu, mhasibu ana simu. Maslaha bado yanafanyika na wazee bado wanaitwa, lakini si kila mzee na si kila wiki. Siku nyingine zote watu wanakaa na ustadi wa kujadili bila kitu cha kujadili. Mnajua ustadi huo unavyogeuka. Unakuwa siasa za mbali, unakuwa umbea, unakuwa mabishano ya shax, ule mchezo wa vijiwe kumi na mbili kila upande unaochorwa mchangani, ambapo wachezaji ni wawili na washauri ni kumi.

Nilianza kusoma kuhusu Mabanda ya Wanaume ya Australia nikiwa natafuta kitu cha kuandika kwa mteja mwingine kabisa. Mwaka 1993, katika mji mdogo wa Goolwa kusini mwa Australia, mwanamke mmoja aliyekuwa anasimamia kituo cha wazee aliona wanaume hawaji, au wakija wanakaa pembeni kama mizigo. Akawafungulia banda lenye vifaa vya seremala. Wakaja. Mwaka 1998 mji wa Tongala, jimbo la Victoria, ukafungua la kwanza kuitwa rasmi banda la wanaume. Leo yapo zaidi ya elfu moja Australia, na yameenea Ireland, Uingereza na kwingineko. Wanachofanya humo ni vitu vya kawaida mno: wanatengeneza viti vilivyovunjika, wanafufua baiskeli za watoto, wanachonga vinyago vya kuchezea na viota vya ndege, wanapika chai. Siku nyingine muuguzi anapita kupima presha, na mzee ambaye angekataa kwenda hospitali anajikuta ameshanyoosha mkono huku ule mwingine umeshika randa.

Wana msemo wao kwamba wanaume hawazungumzi wakitazamana, wanazungumza wakiwa bega kwa bega. Nilipomtafsiria abti alicheka mpaka akashika ubavu. "Hao hawajakuja hapa."

Ana haki ya kucheka. Mwanaume wa Kisomali hajawahi kukosa maneno ya uso kwa uso. Ndiyo maana nilikaribia kuifunga hiyo habari kama dawa ya ugonjwa wa watu wengine. Kama shida ya mzee wa Goolwa ilikuwa ukimya, shida ya mzee wa Balambala ni nyingine. Lakini nikaendelea kufikiria ile randa. Huenda wenyewe wanaeleza vibaya kinachowaponya. Huenda mzungumzo ni mvuke tu, na sufuria ni kile kiti ambacho mtu fulani, asiyekuwepo pale, anakisubiri.

Maana Balambala hatuna banda lenye kibao mlangoni. Tuna uani kwa fundi mmoja wa kuchomelea na kuziba pancha, karibu na soko, ambapo kuna mabati manne yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Mwanzoni wazee walikuja kwa sababu ya kivuli tu, kile cha mti wao kilipungua baada ya mafuriko. Ni watatu, wakati mwingine watano. Walikaa juu ya matairi wakiangalia. Unajua mtu akiangalia kazi ya mwenzake mwishowe atasema kitu, na akisema kitu ataambiwa basi shika wewe.

Cha kwanza walichoshika ni mikokoteni ya punda. Maji ya mji wetu yanatembea kwa punda, jerikeni juu ya jerikeni, na mkokoteni ni vyuma vya gari lililokufa vikifungwa kwa mbao. Beringi zinakwisha, mbao zinapasuka, hatamu zinamchuna punda mabegani. Kuchomelea wazee hawajui. Lakini punda wanamjua. Abti aliangalia kidonda cha punda mmoja akasema mzigo umekaa mbele mno, akasogeza ubao wa nyuma kiasi cha shubiri, na hilo peke yake likawa ufundi ambao fundi hakuwa nao. Baadaye zikaja jerikeni zilizotoboka, zinazozibwa kwa chuma cha moto na kipande cha plastiki. Vikaja vitanda vya kamba. Likaja ombi kutoka duksi la mbao za kuandikia watoto, *loox*, ambazo lazima zipigwe randa mpaka ziwe laini, kwa sababu wino wa makaa unaoshwa na kuandikwa tena na tena na mbao yenye nyuzi inakunywa herufi. Hapo ndipo nilipomwona mzee mmoja ambaye chini ya mti huwa haachi kuongea, amenyamaza saa mbili. Kwa hiyo sisi tulikuwa na shida iliyopinduliwa, na kumbe kifaa kilekile kinaitibu.

Abti mwenyewe alichonga *koor*, kengele ya mbao inayofungwa shingoni mwa ngamia ili umsikie akipotea. Hakuwa amechonga tangu ngamia wake wafe. Sasa hivi iko shingoni mwa ngamia wa mtu mwingine, huko nyuma ya Danyere, na mwenyewe anasema ilitoka na sauti nene kidogo.

Sasa, ningeweza kuishia hapa na mngeondoka mkiwa na furaha. Lakini kuna mambo mawili yanayonisumbua, na bila hayo habari hii ingekuwa tangazo la shirika.

Jambo la kwanza ni mikono. Katika jamii yetu ya Kisomali kazi ya nyundo, ya chuma na ya ngozi ilikuwa ya koo fulani. Wahunzi, watengeneza viatu, wawindaji. Walihitajika kila siku na walidharauliwa kila siku. Hawakuozwa binti wa wenye ngamia, na wao hawakuoa kwetu. Vijana wa mjini wanapenda kusema hayo yamekwisha. Ulizeni harusi. Fundi wetu mwenye mabati manne anatoka katika watu hao. Na hapa anakuja mzee ambaye baba yake asingekula naye, anakaa juu ya tairi lake, anaomba kushika nyundo yake.

Kwa muda niliona ni jambo zuri, usawa umeingia kwa mlango wa nyuma. Nilipoangalia vizuri zaidi nikaona inaweza kuwa kinyume chake. Mzee akichonga kwa hiari, bila malipo, watu wanasema mashaallah, mzee hakai bure. Fundi akifanya kazi ileile kwa miaka ishirini, anaitwa fundi. Mmoja anapewa heshima kwa kugusa kile ambacho mwenzake alidharauliwa kwa kukigusa. Sijui kama abti aliliona hilo mwenyewe au aliambiwa. Ila ninajua kuna siku alikuja na kuketi chini, mchangani, na kumwachia fundi tairi.

Jambo la pili ni pesa. Mama mmoja anayeuza maji aliletewa mkokoteni wake umetengenezwa, akatoa shilingi mia tatu. Wazee walikataa katakata, tena kwa sauti, na baraka juu. Fundi alikuwa amesimama pale. Hakusema neno. Kesho yake hakufungua sanduku la vifaa. Wala keshokutwa.

Nilikuwepo siku ya tatu walipokuja kuzungumza, na nasema kweli sijasikia mjadala wa maadili ulio bora kuliko ule katika ukumbi wowote wa chuo. Fundi aliongea kwa heshima yote. "Adeer, nyinyi mkifanya bure, mimi nitakula nini?" Mzee mmoja akajibu kwamba wema haukatazwi. Fundi akasema wema wa mzee umetoka mfukoni mwa fundi. Mwingine akapendekeza wapokee pesa na wampe yeye zote. Fundi akakataa hilo pia, na sababu yake ilinishangaza: akasema hataki kuwa mtu anayelishwa na wazee, kama vile wao hawakutaka kuwa watu wanaolishwa na yeye.

Pale nikaelewa kwamba sote tulikuwa tunazungumzia mbuzi wa arobaini. Kila mtu uani pale alikuwa anatafuta upande wa kutoa. Mama wa maji alitaka kulipa ili asiwe amepokea. Wazee walikataa malipo ili wawe wametoa. Na fundi, ambaye ndiye aliyetoa kivuli, vifaa, gesi na uvumilivu wa miezi minne, hakuna aliyemhesabu kuwa mtoaji kwa sababu yeye ni fundi.

Walichokubaliana ni hiki. Chochote ambacho mwenyewe anaweza kulipia ni cha fundi. Wazee wanashika kile kilichotupwa, au cha mtu ambaye fundi mwenyewe amesema hawezi. Na anayeamua kipi ni kipi ni fundi. Kila asubuhi, basi, abti anafika pale, anamsalimia kijana aliye nusu ya umri wake, ngazi zote, kisha anauliza, "Leo kuna nini kwa ajili yetu?" Siku nyingine jibu ni hakuna. Anakaa hivyohivyo.

Nililisimulia hili Nairobi na rafiki yangu akasema hiyo ni huzuni, mzee kuomba kazi. Sikubaliani naye. Kuna mafunzo ya siku mbili ambayo nimewahi kuyaona, yenye kofia na posho, ambapo wanaume waliopoteza mifugo walifundishwa kutengeneza sabuni ambayo hakuna duka liliitaka. Kila mtu mle alijua ni kazi ya kisingizio. Wazee walichukua posho, wakaziacha sabuni. Kisingizio hakina ubaya wowote, ndiyo maana mabanda ya Australia yanafanya kazi, kila mmoja anajua kiota cha ndege si sababu halisi ya kuja. Lakini ndege lazima aweze kuishi ndani yake. Mkokoteni lazima ubebe maji. Ukimpa mtu kazi ambayo matokeo yake hayamhusu yeyote, umemwambia kwa adabu kwamba hata yeye hamhusu yeyote. Na yale majibu ya "leo hakuna" ndiyo yanayofanya yale ya "leo ipo" yawe na uzito.

Darasa lile la falsafa lisilokuwa langu, mwalimu alituambia kwamba neno la Kigiriki lililozaa neno shule, ambalo Zanzibar wanasema skuli, lilikuwa na maana ya wakati wa mapumziko. Kwa Aristotle mtu huru alifanya shughuli ili apate mapumziko, na mapumziko ndiyo yalikuwa maisha yenyewe. Tuliandika kwenye daftari. Hakuna aliyeuliza ni nani alikuwa analima wakati Aristotle amepumzika, na mimi nilikuja kuuliza nikiwa Balambala, baada ya kumsikiliza mke wa abti.

Maana wanawake wa mji wetu hawana banda na hawajaliomba. Wana *ayuuto*, ule mchango wa mzunguko, na mkutano wao unachukua nusu saa kwa sababu chungu kiko motoni. Ukame ulipomaliza mifugo, wao ndio walioanza kuuza chai, kuuza mboga, kununua maziwa ya ngamia kwa wenye ngamia na kuyapeleka Garissa. Hata zamani, nyumba yetu ya kuhama, *aqal*, ile ya matao na mikeka inayobebwa na ngamia, ilijengwa na mwanamke, ikafumwa na mwanamke, ikabomolewa na kupakiwa na mwanamke. Mwanaume alikuwa mgeni mwenye heshima ndani yake. Ukiongeza na yule mama wa Goolwa, unaanza kushuku kwamba kila mahali duniani kivuli cha wanaume kimetandikwa na mwanamke fulani ambaye amerudi kazini.

Kwa hiyo nilimuuliza mke wa abti anaonaje, mzee kushinda uani kwa fundi. Nilitarajia malalamiko. Akasema ni afadhali. Anarudi jioni amechoka, analala. Hagombani na watoto. Zamani akirudi kutoka mtini alikuwa anataka kuamua kila kitu cha nyumba ambacho tayari kilikuwa kimeshaamuliwa. "Sasa anarudi akiwa ameshaamua huko," akasema.

Halafu akaniambia nigeuke niangalie mlango wa jiko. Umefungwa kwa waya tangu mafuriko ya 2023, bawaba moja imekatika, na mbuzi wote kumi na mmoja wanajua namna ya kuusukuma.

Nilimfikishia abti ujumbe huo njiani tukielekea sokoni. Alitembea hatua kadhaa bila kujibu. Akasema mlango ule haujapitishwa na fundi bado, kwa sababu fundi anasema mwenye mlango anaweza kulipa.